Paa la Kipeuo

Kiroboto alibandika karatasi mbili kwenye kioo cha dirisha, moja juu ya nyingine, akazikandamiza kwa viganja na kusogeza uso mpaka pua ikagusa. Mwanga wa asubuhi ulizipenya zote mbili. Alitulia hivyo kitambo kizima, jambo ambalo kwake ni la ajabu, kisha akapiga yowe.

"Sajenti! Njoo upesi! Njoo uone!"

Sajenti aliinuka kwenye kiti bila haraka. Alikuwa mwanamke wa miraba minne, mtu wa maneno machache, na alikuwa amefanya kazi na mpelelezi huyu muda wa kutosha kujua kwamba yowe lake huwa na sababu mbili tu.

"Umepata kitu, afande, au umejibana kidole?"

"Nimepata! Hebu angalia mistari. Maneno ni yale yale, nukta kwa nukta. Maandishi ya aina moja, ukubwa mmoja, kama inavyotakiwa katika ofisi hii. Lakini kila tunapofika penye hesabu, mistari inaachana. Huu unapanda, huu unabaki chini. Unaona?"

"Naona. Sielewi, lakini naona."

Hapo ndipo tulipo, na kwa asiyejua habari yenyewe ni hii. Mtihani wa hesabu wa kumaliza shule ulikuwa umevuja. Wanafunzi walikutwa nao mifukoni kabla hata ya siku ya mtihani kufika, umechapwa vizuri, kurasa zote. Mkuu wa kitengo cha mitihani alisema bila kupepesa macho kwamba faili lilikuwa na mtu mmoja tu, mchapaji, ndani ya chumba kisicho na mtandao wala tundu la kuchomeka kitu chochote. Mkubwa wa kituo hakutaka kusikia zaidi. Jana mchapaji alitiwa pingu mbele ya wenzake, na leo mchana karandinga lilikuwa limpeleke mahakamani, na kutoka mahakamani rumande, na rumande mtu huingia akijua siku, kutoka hajui.

Kiroboto alikabidhiwa jalada asubuhi hiyo akamilishe tu makaratasi. Basi angekamilisha, kama si mtoto. Kwenye benchi la ukumbi wa kituo alikaa bibi mmoja, mama yake mchapaji, amembeba mjukuu mchanga anayelia mpaka sauti imekauka. Bibi alikuwa amejaribu maziwa ya kopo kwa chupa, kwa kijiko, kwa kitambaa. Mtoto alikataa katakata. Alimtaka mama yake, na mama yake, mchapaji mwenyewe, alikuwa nyuma ya ukuta mmoja tu, akimsikia. Kiroboto alitia sahihi jalada huku kilio kile kikimpasua kichwa, na alipotoka alikuwa na hasira ambayo hakujua aipeleke wapi. Akaileta hapa, kwenye chumba cha kuchapia.

Kilikuwa chumba kidogo chenye meza moja, kompyuta moja, printa moja na feni iliyokuwa ikitikisa kichwa kama mtu anayekataa kila kitu. Kiroboto alizibandua karatasi dirishani akazitandika mezani.

"Hii ni ya ofisi, iliyochapwa hapa. Hii ndiyo iliyovuja. Njoo kwenye ukurasa wa tatu. Unajua kipeuo ni nini?"

"Afande, mimi na hesabu tuliachana darasa la tano, na hatujasalimiana tangu hapo."

"Alama tu! Ile inayofanana na tiki ya mwalimu, ina paa juu yake."

"Haya, hiyo naijua."

"Kwenye ya ofisi paa limefunika namba zote vizuri, limekaa kama limezaliwa pale. Sasa tazama hii iliyovuja."

Sajenti akainama. Kipeuo kilikuwepo, na namba zake zilikuwepo, lakini paa halikuwepo. Lilikuwa limepanda mistari miwili juu, tena limepinda kidogo, limetua juu ya neno 'shamba' kama kofia ya kuazima.

"Paa limehama!" Sajenti akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka.

"Limehama! Kwa sababu halikuwa la alama. Alama aliiweka pekee, halafu akachora mstari kwa mkono wa kompyuta akauegesha juu yake. Maneno yakisogea, mstari unabaki unashangaa. Hii karatasi haikutoka kwenye faili la mchapaji. Mtu aliichapa upya, mwanzo mpaka mwisho!"

Aliruka. Ni kweli aliruka, mtu mzima mwenye watoto. Sajenti hakuruka.

"Na kama ni yeye mwenyewe mchapaji?" akauliza. "Ameichapa upya vibaya kusudi, ili mtu aseme kama unavyosema wewe sasa hivi?"

Kiroboto akakaa chini. Hilo ndilo alilompendea Sajenti, na ndilo lililokuwa likimkera.

Mlango ulibishwa ukafunguka hapo hapo. Mkuu wa kitengo aliingia, suti imenyooka, tai imekaa, uso wa mtu aliyelala vizuri. Aliwapa mikono wote wawili, akauliza hali ya kazi, akauliza kama wameletewa chai.

"Ila nashangaa kidogo," akasema. "Nilidhani kesi imekwisha. Bado mnatafuta nini?"

"Utaratibu tu, mheshimiwa," Kiroboto akajibu. "Hebu nisaidie. Maswali yalipita mikononi mwa nani kabla ya kufika hapa?"

"Mtunzi aliyaandika kwa mkono, akanikabidhi bahasha siku ya Ijumaa. Nikaifungia kwenye kasha la chuma. Jumatatu nikampa mchapaji. Basi."

"Na wewe hukuchapa chochote?"

Mkuu alicheka kwa upole. "Mimi? Afande, mimi naandika barua na kusoma barua. Hizo alama za hesabu hata sijui zinapatikana wapi kwenye kompyuta. Ndiyo maana tunaajiri wachapaji."

Akaaga, akaondoka. Kiroboto alikuwa ameshasimama.

"Mtunzi," akanong'ona. "Ni mtunzi! Maswali ni yake, hahitaji kuiba faili. Nakuwekea dau, chakula changu cha mchana. Twende."

Mtunzi alikuwa ameitwa tangu mapema, akangojeshwa kwenye chumba cha wageni. Alikuwa mwalimu mstaafu, mwembamba, kofia ameiweka magotini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umekuja kunikamata?"

"Nimekuja kukuomba unichapie kitu kimoja." Kiroboto alivuta kompyuta ya mapokezi akaigeuza. "Kipeuo cha pili cha mia moja sitini na tisa toa ishirini na tano."

Alijiegemeza ukutani kumtazama vidole. Mzee akavaa miwani. Akatafuta moja, akaibonyeza. Akatafuta sita. Alipofika penye alama ya kipeuo, alibonyeza kitufe cha nafasi mara kadhaa, akaacha pengo, akaendelea na namba. Halafu akanyoosha mkono.

"Nipe kalamu."

"Kalamu ya nini, mwalimu?"

"Ukishachapisha, najaza mwenyewe. Nimefanya hivyo tangu enzi za taipureta, sioni sababu ya kuacha. Kipeuo changu nakichora mimi."

"Kila mara?"

"Waulize wanafunzi wangu wote. Ukiona alama ya hesabu kwenye karatasi yangu, hiyo ni wino."

Sajenti alimtazama Kiroboto kwa macho ya mtu anayefikiria chakula cha mchana. Kiroboto akamkwepa.

"Mwalimu, swali la mwisho. Kama mimi ni mwizi, nimepata maswali yako uliyoandika kwa mkono. Kwa nini nihangaike kuchapa upya? Si ningepiga fotokopi tu?"

"Kwa mwandiko wangu?" Mzee alitabasamu kwa majivuno kidogo. "Saba yangu ina kofia na mkanda. Hakuna mwalimu wa hesabu asiyeijua. Angepiga fotokopi, kesho yake wangenifuata mimi, na mimi ningesema nilimpa nani."

Kiroboto akamshika mzee mikono yote miwili akamshukuru kama aliyepewa zawadi, akatoka mbio ukumbini, Sajenti nyuma.

"Umesikia? Aliyechapa alikuwa na mwandiko, hakuwa na faili! Angekuwa nalo faili angelichapisha faili. Mchapaji alikuwa na faili, ana shida gani ya kuchora mapaa yaliyopinda?"

"Bado ni maneno, afande. Hakimu atasema alikuwa navyo vyote viwili."

"Najua! Najua atasema hivyo!" Alijipiga paji la uso. "Turudi kule. Nataka kuona huyo mwizi alama alizichukua wapi."

Waliporudi chumba cha kuchapia walimkuta fundi wa kompyuta ameitwa kuwafungulia mashine, mtu wa makamo mwenye funguo nyingi kiunoni. Kiroboto akamkalisha.

"Fundi, mimi ni mjinga. Nifundishe. Nataka kuandika kipeuo."

"Kuna njia mbili, bosi. Ya wataalamu ni hii." Fundi alifungua kisanduku cha fomula, akaandika, na paa likajirefusha lenyewe kadiri namba zilivyoongezeka. "Unaona? Hapa ni kitu kimoja, hakiachani. Dada wa humu ndani anafanya hivi tu, tena bila kutazama kibodi. Njia ya pili ni ya wasiojua." Akafungua dirisha dogo lililojaa alama za kila namna, mamia, kama punje kwenye ungo. "Unachagua alama yako, unabonyeza, inaingia. Lakini kipeuo cha humu hakina paa. Utajichorea mwenyewe."

"Hapo hapo! Usifunge!" Kiroboto alikuwa amemshika bega. "Hii safu ya chini ni nini? Hivi visanduku vimejipanga peke yavyo."

"Hizo ni alama zilizotumika karibuni. Ukitumia moja, inakuja mbele. Ukitumia nyingine, hiyo inakuja mbele, ya kwanza inasogea. Inakurahisishia tu, usitafute tena."

Kiroboto akainamia skrini. "Na nikifuta faili?"

"Safu haijali faili. Inabaki."

"Na hii ya humu? Inasema nini?"

Fundi akachungulia. "Haisemi kitu. Hii ni ile inayokuja na programu, ziko zile zile kwenye kila mashine mpya, mwanzo ni alama za fedha za wazungu. Dada hajawahi kugusa dirisha hili. Angefanya nini nalo?"

Sajenti hakungoja kuambiwa. Alitoa simu akaipiga picha safu ile, skrini nzima, na fundi akionekana pembeni.

"Nyumbani kwa mchapaji walikuta kompyuta?" Kiroboto akamuuliza.

"Walikuta cherehani."

"Kwa hiyo tunatafuta mashine ambayo..."

"Samahani, bosi," fundi akainuka akitazama mlango. "Kama mmemaliza, nina haraka. Mkuu ananisubiri. Mashine yake, ile ya kubeba anayorudi nayo nyumbani, ina kirusi, anataka niifute yote leo leo. Nimeiacha kule karakana inanakili barua zake, ikimaliza tu tunafuta."

Kiroboto akaruka kiti.

"Karakana iko wapi?"

"Chini, mwisho wa..."

Hawakumsikia alipomalizia. Waliteremka ngazi wote watatu, Kiroboto mbele, fundi katikati funguo zikilia kama njuga, Sajenti nyuma akitikisa jengo. Karani mmoja aliyebeba majalada alijibanza ukutani akamaka. Kiroboto alishamaliza nusu ya ukumbi alipogundua kwamba anakimbilia upande wa vyoo, akageuka, akapishana na wenzake, akawapita tena. Mlango wa karakana ulikuwa umerudishwa. Akausukuma kwa bega.

Mkuu wa kitengo alikuwa amesimama peke yake mbele ya mashine, amevua koti, mkono uko juu ya kibodi.

"Ondoa mkono!"

Mkuu alishtuka akaurudisha nyuma kana kwamba kibodi kimemuunguza. Kwenye skrini kulikuwa na swali dogo likingoja jibu: ndiyo au hapana. Fundi alipita chini ya kwapa la Sajenti, akabonyeza hapana, akashusha pumzi.

"Afande, hii ni nini?" Mkuu alirudisha sauti yake ya ofisini. "Natoa kirusi. Ni mashine yangu."

"Ni yako?" Kiroboto alikuwa anahema, lakini alitoa hati ya kupekua ofisi ile, aliyotoka nayo kituoni asubuhi, akaiweka mezani kwa adabu. "Vizuri. Sajenti, andika. Mashine ni yake. Mheshimiwa, nani mwingine anaitumia?"

"Hakuna. Ina neno la siri. Hata mke wangu halijui."

"Andika hilo. Na alama za hesabu?"

"Nimeshakuambia. Sijawahi kuandika hata moja."

"Andika na hilo." Kiroboto alitoa ile karatasi iliyovuja, akaikunjua, akaenda ukurasa wa mwisho. "Fundi, fungua lile dirisha la alama. Sajenti, kaa hapa. Wewe soma kwenye safu, kutoka mbele kwenda nyuma. Mimi nasoma karatasi, kutoka mwisho kwenda mwanzo."

"Afande, siyajui majina."

"Niambie unachokiona!"

Sajenti alivuta kiti, akakunja uso. "Kikombe. Kimefunikwa, kitako juu."

"Mwingiliano wa seti! Swali la mwisho, mstari wa mwisho kabisa. Endelea!"

"Kikombe tena. Hiki kimesimama sawasawa, ukitia chai inakaa."

"Muungano! Upo mstari wa juu yake. Endelea!"

"Mdomo wa kunguru. Wazi."

"Pembe! Swali linalotangulia. Endelea, Sajenti, endelea!"

"Mafiga. Matatu, hayana chungu."

"Kwa hiyo! Alama ya 'kwa hiyo'!" Kiroboto alikuwa anapiga meza kwa kiganja. "Iko hapa, penye uthibitisho! Ya tano?"

"Ncha ya mshale inaelekea kulia, imepigiwa mstari chini."

"Kubwa kuliko au sawa na! Ipo!"

"Kimeza. Miguu miwili, mmoja umeteguka."

"Pai! Ipo, swali la duara! Na baada ya hapo? Baada ya pai?"

Hata Sajenti sasa alikuwa ameinuka nusu kutoka kitini.

"Tiki ya mwalimu, afande. Haina paa."

Fundi alipiga mluzi. Kiroboto alifumba macho akayafumbua.

"Ukurasa wa tatu," akasema. "Kipeuo. Paa ulilichora mwenyewe, mheshimiwa, na lilikukimbia."

Mkuu alikuwa amejipangusa uso kwa leso. "Zinakuja na mashine hizo. Kila kompyuta inazo. Mwulizeni fundi."

"Zipo zinazokuja na mashine," fundi akasema, bila furaha yoyote, maana huyu alikuwa bosi wake. "Lakini si hizi, Mkuu, na si kwa mpangilio huu."

Sajenti akainua simu, akaonyesha picha ya chumba cha kuchapia. Fedha za wazungu mbele. Hakuna kikombe, hakuna mafiga.

"Basi mtu ameingia kwenye mashine yangu!"

"Kwa neno la siri ambalo hata mkeo halijui?" Kiroboto akauliza. "Sajenti, msomee alichosema."

"Si lazima," Mkuu akasema.

Alikaa juu ya sanduku la printa. Suti ilikuwa ile ile, lakini mwenye suti alikuwa kama amepungua ndani yake.

"Mwanangu anarudia mwaka," akasema. "Alianguka hesabu tu. Akaniambia, baba, nikianguka tena usinitafute, sitarudi nyumbani. Ungemsikia alivyosema. Hakupiga kelele." Alikunja leso, akaikunjua. "Niliichapa nyumbani, Jumamosi na Jumapili. Nilimwambia asome aichane. Akampa rafiki yake mmoja. Mmoja tu, anasema."

"Pole," Kiroboto akasema, na alimaanisha. "Lakini yule mwanamke? Unajua ana mtoto anayenyonya?"

"Najua." Sauti ya Mkuu ilikuwa ndogo sana. "Likizo ya uzazi nilimsainia mimi."

Huruma yote aliyokuwa nayo Kiroboto ilimtoka. Alimsukumia karatasi na kalamu.

"Andika. Yote. Na utie sahihi."

Fundi alishuhudia. Askari wa zamu wa ofisi aliitwa kuilinda mashine na mwenye mashine. Kiroboto alipiga simu kituoni mara ya kwanza, hakuna aliyepokea. Mara ya pili akapokea mkubwa wa kituo mwenyewe.

"Maneno ya simu mimi siyajui," mkubwa akasema. "Nina mtuhumiwa, nina ratiba ya mahakama. Karandinga limewashwa. Ukiwa na karatasi, lete karatasi." Akakata.

"Dada yangu," Kiroboto alimwambia Sajenti wakikimbilia gari, "leo usiendeshe kama unavyoendesha siku zote."

"Siku zote naendesha kwa sheria."

"Ndiyo hiyo ninayokuomba uiache."

Sajenti alifunga mkanda, akatia gia, na Kiroboto aliyejiona mtu wa mbio alijikuta ameshika kishikio kwa mikono miwili huku akitaja majina ya watoto wake. Walipita mzunguko wakipigiwa honi na magari yote manne yaliyokuwamo. Walipoingia mtaa wa kituo waliona karandinga linachomoza pua getini, dereva anatazama kulia na kushoto. Sajenti hakupunguza mwendo. Alifika, akakanyaga breki, gari likajiweka kukingama geti lote, ubavu wake mkono mmoja tu kutoka bampa la karandinga.

Dereva wa karandinga alitoa kichwa akatukana. Mkubwa wa kituo akatoka barazani, amefura.

"Nani amefunga geti langu?"

"Karatasi, afande!" Kiroboto alikuwa ameshateremka. "Ulisema karatasi. Maelezo ya Mkuu wa kitengo, kwa mkono wake, sahihi yake, shahidi."

Mkubwa alisoma. Alisoma polepole, akarudi juu akasoma tena. Ndani ya ukumbi mtoto alikuwa bado analia, kilio kilichochoka, cha kukwama kwama. Kiroboto alitaka kumnyang'anya mkubwa karatasi amsomee yeye.

"Mshusheni," mkubwa akasema hatimaye, bila kumtazama mtu.

Mlango wa nyuma ulifunguliwa. Mchapaji alishuka akijishika, mwanamke mfupi mwenye macho mekundu, kifua cha blauzi kimelowa maziwa mpaka kiunoni. Hakuuliza kitu. Alivuka ua kwa miguu mitupu, viatu vyake vilikuwa bado kaunta, na bibi alikuwa ameshasimama mlangoni amemnyoosha mtoto mbele. Mama akampokea, akakaa pale pale kwenye ngazi, akajifunika kanga ya bibi. Kilio kikakatika. Bibi akageukia ukuta akalia yeye.

Sajenti alimletea viatu, akaviweka kando ya miguu yake. Kiroboto alijikuna kichwa.

"Mama," akasema, "aliyefanya tumempata. Wewe uko huru. Hakuna kesi."

Mchapaji alimtazama. "Hiyo karatasi iliyovuja. Unayo?"

"Ninayo."

"Tangu jana nasemwa nimeivujisha, na hakuna hata mmoja aliyenionyesha. Nionyeshe."

Kiroboto akamshikia mbele ya macho, maana mikono yake ilikuwa na kazi. Alipitisha macho ukurasa wa kwanza, wa pili. Kwenye wa tatu akasimama.

"Paa liko juu ya shamba," akasema.

"Ndiyo."

"Mlinifunga kwa uchafu huu? Mtu mzima akaangalia hiki kitu akasema, hii ni kazi ya yule?" Sauti ilikuwa inapanda na mtoto akaguna, akaishusha. "Ondoa. Nisije nikamharibia maziwa."

Kiroboto akaiondoa. Simu ya Sajenti ililia, akapokea, akasikiliza, akanyoosha mgongo bila kutaka.

"Ni mkurugenzi wa mitihani mwenyewe," akasema akiwa ameziba simu kwa kiganja. "Mtihani uliovuja umefutwa. Kuna maswali ya akiba, lazima yachapwe leo, la sivyo wanafunzi wote wataahirishiwa, na anasema hakuna mwingine anayeweza kuzichapa alama zile kwa siku moja. Anauliza akuletee gari sasa hivi? Anakuomba sana, dada. Kasema mara mbili, anakuomba sana."

Mkubwa wa kituo alikohoa. Dereva wa karandinga alizima injini. Watu wote uani walikuwa wanamwangalia mwanamke aliyekaa kwenye ngazi.

Alimhamishia mtoto upande wa pili, akamweka vizuri, akamfuta jasho la paji kwa ncha ya kanga.

"Mwambie mwanangu anakula," akasema. "Akishiba atalala. Akilala, mkurugenzi aje hapa kwa miguu yake aniombe radhi mbele ya mama yangu. Baada ya hapo ndiyo aniulize habari za gari."

Sajenti aliirudisha simu sikioni.

"Mkurugenzi," akasema, "vaa viatu."